Chikago kwa Ch ya Nyumbani

Falfurrias, Texas
14 Januari 2007

Kaka Lalo,

Mimi ni mzima, ila goti la kushoto. Naomba nawe uwe mzima, ila ubishi. Baridi imetupiga siku tatu hapa mpaka ndimu za uani zimeungua majani, na najua utacheka, wewe unayekoga theluji. Binti yangu Rosalva anakusalimu. Mwanawe Beto amenunua gari linalokaa gereji zaidi kuliko barabarani. Krismasi tulifunga tamale zetu za unga wa mahindi dazeni ishirini, nikakuwekea dazeni yako kwenye friza kama kila mwaka. Kila mwaka ikifika Machi Rosalva huzila zote, anasema, "Mama, mjomba haji." Tangu tumzike Mama hujakanyaga hapa, na sasa ni miaka thelathini na moja. Kwenye simu unajibu ndiyo na hapana kama mtu aliyekamatwa na polisi, ndiyo maana nakuandikia.

Sasa sikiliza. Kuna watu wametengeneza filamu ya ile vita yenu ya pili ya dunia, ya televisheni, sehemu sita, wanajeshi wenyewe wakisimulia waliyoyaona. Walituletea vipande ukumbi wa kanisa tuvitazame. Kaka, saa zote zile hakuna Mmeksiko hata mmoja kama sisi. Hata wa kupita nyuma amebeba ndoo hayupo. Taa zilipowashwa, Don Chema Villarreal, yule aliyeacha mguu Italia, alisimama na magongo yake akauliza, "Samahani bwana, huu mguu wangu ulipigana upande gani?" Watu wakacheka.

Tukapiga kelele. Barua zikaandikwa, padri akatia sahihi, hata wale wasioongeana tangu uchaguzi wa shule walikaa meza moja. Mwishowe wenye filamu wamemtuma msichana, Marisela Ochoa, wa kwetu huyu, babu yake alichuma pamba Robstown. Wamekubali kuongeza dakika kumi na mbili za watu wetu. Nilimwonyesha picha ya ndugu yetu Fidencio, ile amevaa kofia upande kama muuza farasi. Akaitazama sana, akaniuliza, "Bibi, alikufaje?"

Nikaona haya, Kaka. Sikuwa na jibu ila ile barua kapteni wenu aliyomwandikia Mama. Wewe ulikuwa kikosi kimoja naye na hujawahi kunisimulia. Bado namwona mezani akisema vita ikiisha atakwenda Chikago kufanya kazi ya reli, nami namkosoa, "Shikago, punda wewe, si Chikago," naye ananirushia kipande cha mkate wa tortilla. Huyo ndiye Fidencio ninayemjua. Fidencio wako, wa siku za mwisho, simjui. Njoo unipe.

Dada yako,
Herminia


Flint, Michigan
11 Februari 2007

Minia, dada yangu,

Barua yako imenikuta salama. Theluji imefika dirishani na jirani ananisafishia njia, kisha anakataa kahawa yangu, anasema ni nzito kama lami. Mwanangu Rubén hunijia kila Jumapili. Anataka nihamie kwake. Nimemwambia siku nitakapoweka dawa ya meno kwenye mkate, ndiyo aje na lori. Nimeshapanda mbegu za nyanya kwenye vikopo. Pole na goti, lipake mafuta ya kafuri.

Dakika kumi na mbili! Hayo ni yale yale ya mlango wa jikoni. Unakumbuka niliporudi mwaka arobaini na sita, mimi na Chuy Longoria, na nguo za jeshi mwilini na nishani kifuani, tukaingia mkahawa ule wa njia kuu? Mwenye mkahawa akasema Wameksiko chakula tutapata, ila tuzunguke mlango wa nyuma. Chuy akazunguka kwa sababu alikuwa na njaa. Mimi nikaondoka, na nimeendelea kuondoka mpaka nikafika huku. Sasa wameshapakua meza nzima, wanatuita nyuma tukalambe sufuria. Waachie filamu yao.

Kuhusu Fidencio, alikufa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, Machi 1945, milimani. Kapteni alimwandikia Mama. Sina la kuongeza.

Wasalimie wote. Mwambie Beto gari hununuliwa kwa masikio, si kwa macho.

Lalo


Falfurrias
4 Machi 2007

Kaka Lalo,

Goti limekataa kafuri. Tuko salama, isipokuwa Don Chema ameanguka bafuni. Anasema safari hii ule mguu mwingine ndio ulioleta uasi. Rosalva amezila tamale zako. Nilimkuta na uma mkononi, wala hakuona aibu.

Umeniandikia mistari miwili juu ya ndugu yetu na mistari sita juu ya mkahawa. Mimi nilifundisha watoto miaka thelathini na nane, Lalo, namjua anayejaza karatasi ili asijibu swali.

Ukisema goti, mimi ninalo baya zaidi. Ukisema huwezi kupanda ndege, Beto ameangalia kwenye kompyuta: treni inatoka Flint asubuhi, saa sita mchana uko Chicago, unabadilisha, usiku wa siku ya pili uko San Antonio, nasi tunakungoja na blanketi. Halafu nikakumbuka kitu. Umefanya kazi kiwandani miaka thelathini na miwili, Chicago iko mwendo wa asubuhi moja, na hujatia mguu. Rubén aliniambia hata harusi ya mtoto wa rafiki yako ulikataa kwenda. Mwaka ule wa mazishi ya Mama ulizunguka kwa mabasi manne kama mtu anayekwepa mdai. Una nini na mji huo?

Basi, wanapiga picha tarehe 12 Mei, Jumamosi, palepale ukumbini. Usipokuja nitazungumza mwenyewe. Nitaisoma barua ya kapteni, ile inayosema Fidencio "alianguka akiikabili bunduki ya adui ili wenzake wapite." Marisela ameipenda sana. Wakubwa zake pia wameipenda, wanasema ndiyo hasa wanayoitafuta.

Herminia


Flint
20 Machi 2007

Minia,

Usiisome barua ya kapteni. Nakuomba kwa jina la Mama, usiisome.

Lalo


Falfurrias
29 Machi 2007

Kaka,

Barua bila salamu! Mama angekuchapa na mwiko. Na mimi, badala ya kukasirika, nimeogopa, maana hujawahi kuniomba kitu tangu tukiwa wadogo uliponiomba nisimwambie Baba juu ya yule mbuzi.

Nisiisome kwa nini? Barua hiyo ndiyo kaburi nililonalo. Lile la makaburini, upande wetu wa waya unaotutenga na Wazungu, lina sanduku ambalo hatukuruhusiwa kufungua. Mama alimwekea sahani kila Jumapili mpaka alipokufa, na mimi nikairithi sahani. Mimi ni kikongwe cha miaka themanini, Lalo, na bado gari likisimama nje saa ya chakula moyo wangu hutoka mbio kufungua mlango. Nimechoka kumngoja mtu nisiyejua alikwendaje. Kama kuna jambo, liseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi wawili kifo hakiko mbali kiasi hicho.

Sijakusalimu nami. Tumelingana.

Herminia


Flint
2 Mei 2007

Minia, dada yangu mpenzi,

Natumai uko salama wewe, Rosalva na Beto. Mimi mwili hauna neno. Nimeichelewesha barua hii zaidi ya mwezi, na nimeichana mara nne. Nyanya zimetoka nje. Rubén amepandishwa cheo. Sasa sina habari nyingine ya kujificha nyuma yake.

Ilikuwa alfajiri, mvua imetoka kukatika na ukungu umekaa mlimani hata mkono wako huuoni. Tulikuwa kwenye mahandaki siku ya tisa. Kila siku kulikuwa na neno la siri. Mtu anayekuja anaulizwa, asipolijibu anapigwa risasi. Maafisa walichagua maneno ambayo ulimi wa Mjapani ungekwama kuyatamka, maana tuliambiwa wamejifunza Kiingereza na hujipenyeza usiku wakijifanya wetu. Siku hiyo afisa, nadhani kwa wema tu, alichagua neno rahisi ambalo kila Mmarekani analijua. Alichagua Chicago.

Jioni iliyotangulia, tulipopewa neno hilo, tulicheka, mimi na Fidencio. Nilimwambia, "Haya, wamekupa mji wako." Akasema, "Ona, hata jeshi linajua ninakokwenda." Alilisema kama alivyolisema mezani. Nikamwambia, "Sema sh, Fide, kama unanyamazisha mtoto." Akajaribu, akatoa ch. Akajaribu tena, akatoa ch tena, tukacheka mpaka sajenti akatukemea. Alikuwa ametukataza Kihispania kule mbele, alisema lugha asiyoielewa ni lugha ya adui. Nikamwambia Fidencio alale, kesho atapata.

Alfajiri wakamtuma bondeni kuchukua maji, madebe mawili. Sikujua. Mimi nilikuwa handakini kwa zamu yangu. Tukasikia hatua kwenye matope. Akaulizwa. Naye akajibu kwa sauti kubwa, ya furaha, kama mtu aliye dirishani anakata tiketi: "Chikago!"

Wakapiga.

Ilikuwa ni kosa la ukungu. Hakuna aliyekusudia. Kapteni alikuja akasimama pale muda mrefu, kisha akaniambia atamwandikia mama yetu kitu kizuri. Alikuwa mtu mzuri, alilia. Tulipopiga mara ya pili ndipo madebe yakaanguka, nikasikia maji yanamwagika, na nikajua kuwa hakuna Mjapani anayepanda mlima na maji ya kutuletea sisi. Aliniita mara moja. Nilimfikia angali na joto.

Nilipaswa kumwita kwa Kihispania. Neno moja tu, "Fide?", lingetosha. Lakini mdomo wangu ulikuwa na rula ya yule mwalimu wetu wa utotoni, aliyetuchapa tukisema Kihispania, juu yake, na ya sajenti juu ya hiyo.

Ndiyo sababu nakuomba usiisome ile barua. Hakuna bunduki ya adui ndani yake. Sema lolote jingine, au usiseme kitu.

Ndugu yako,
Eulalio


Falfurrias
15 Julai 2007

Kaka Lalo,

Tuko wazima. Joto limefika digrii mia za Farenhaiti na kuku wa jirani wanataga mayai yaliyoiva. Don Chema tulimzika Juni. Alipata kurekodiwa, namshukuru Mungu. Gari la Beto limeuzwa kwa mtu anayependa mateso.

Najua umehesabu wiki. Nilitaka kuandika kwamba sikukasirika, lakini wewe umenipa kweli, siwezi kukulipa uongo. Nilikasirika. Nilimkasirikia afisa, sajenti, mwalimu, wewe, na zaidi yule msichana mwenye kitabu mkononi aliyemwita kaka yake punda mbele ya watu. Nilikwenda makaburini peke yangu na kiti cha kukunja. Nikakaa, nikasema "Chikago" kwa sauti. Nikalisema tena na tena mpaka mchimba makaburi akaja kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia, "La, mwanangu, najifunza kusoma."

Tarehe 12 Mei nilivaa gauni la bluu. Waliniwashia taa, Marisela akanipa barua ya kapteni nisome. Nikaikunja. Nikasema, "Hii iliandikwa na mtu mwenye adabu. Kaka yangu aliuawa na wenzake alfajiri moja, amewabebea maji, kwa sababu alilitamka neno kama tunavyolitamka sisi hapa." Mpiga picha alishusha kichwa. Marisela alilia hata rangi ya macho ikamchuruzika.

Wakubwa zake wamekataa. Wanasema mimi sikuwepo. Wanasema dakika hizo ni za kuwaheshimu watu wetu, si za kuwahuzunisha, na wanataka ushujaa. Wamejitolea kuonyesha picha yake ya kofia na muziki chini yake. Nikamwambia Marisela, "Miaka sitini hatukuwemo. Sasa tumo, mradi tuwe wale wanaowataka wao." Mtoto yule kapigana nao kama jogoo. Amepata hivi: mtu aliyekuwepo akizungumza mwenyewe kabla ya tarehe 29 Septemba, wataiweka habari hiyo. La sivyo ni picha na muziki.

Nimemwambia asikusubiri. Sikutaka uje kwa kusukumwa na filamu.

Lakini mimi nakusubiri, Lalo. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Ukurasa wa kwanza umeandika "wakapiga". Ukurasa wa pili umeandika "tulipopiga". Ni herufi chache tu, na mwalimu mzee ana tabia mbaya ya kuona herufi. Sikuulizi, wala sitakuuliza kamwe. Nataka tu ujue kwamba nimeiona, na kwamba baada ya kuiona niliinuka nikakutandikia kitanda cha chumba cha nyuma. Shuka nazibadilisha kila Jumamosi.

Nilikuwa na kaka wawili, Lalo. Nimekuwa nikiwalilia wote wawili tangu mwaka arobaini na tano, na mmoja wao yu hai.

Minia


Flint
26 Agosti 2007

Minia,

Salamu nyingi kwenu. Nyanya zimezaa mpaka najificha majirani wasinirudishie. Nimemlilia Don Chema. Mtu aliyekuwa na mguu mmoja na hakuwahi kukaa chini.

Umesoma sawasawa. Tulikuwa wawili handakini, mimi na kijana wa Nebraska aliyeitwa Harlan, mtoto mzuri, aliimba kanisani kwao. Bunduki yake ilikuwa imejaa matope, haikulia. Hesabu iliyobaki unaiweza.

Nikwambie kinachoniua. Si ukungu. Mimi nilikuwa najivunia sh yangu. Niliipata kwa rula, nikaipata kweli, Wazungu wakawa wananituma mimi kuzungumza kwa niaba ya wengine. Aliposema lile neno, nilisikia kosa kabla ya kumsikia ndugu yangu. Ningekuwa mjinga kama yeye ningemtambua mara moja. Nimeishi miaka sitini na miwili na sikio hilo.

Kila mtu hapa hulitaja jina la mji ule. Redio hulitaja, watoto wenye fulana za mpira wamelivaa kifuani. Mimi husema "kule chini ya ziwa". Mke wangu Ofelia nilikaa naye miaka arobaini akafa hajui kwa nini.

Umenitandikia kitanda bila kuniuliza. Sijui mtu anafanya nini na kitu kama hicho. Nimeiweka barua yako mfuko wa shati nikamwagilia nyanya zote upya, zilikuwa zimeshamwagiliwa.

Mwambie Marisela, yule binti wa Robstown, nina ombi moja tu. Sitaki muziki.

Lalo


Kadi, nyuma ya picha ya ziwa na majengo marefu
Chicago, kituo cha treni
24 Septemba 2007

Minia,

Salamu kwa wote. Nimeketi kwenye benchi la mbao chini ya dari refu, treni yenu inaondoka baada ya saa mbili. Rubén alitaka kunisindikiza, nikamwambia hapana, safari hii nakwenda na ami yake Fidencio. Mwambie Rosalva afunge tamale nyingine na asiziguse, nitazihesabu.

Asubuhi pale Flint msichana wa dirisha la tiketi aliniuliza ninakwenda wapi kwanza. Kulikuwa na foleni nyuma yangu. Nikavua kofia nikasema Chikago, kwa ch ya nyumbani, kwa sauti, kama alivyolisema yeye. Hakuniuliza mara ya pili, Minia. Alinipa tiketi.

Lalo